Kasi kwa bei poa: safari ya katamarani kutoka plaiwudi hadi kaboni

Mwaka 1967, katika kisiwa cha Sheppey, pale mto Thames unapomwaga maji yake baharini mashariki ya London, umoja wa kimataifa wa mbio za mashua uliwaita waundaji waje kupimana ubavu. Ulikuwa unatafuta boti mpya ya mbio yenye miili miwili. Masharti yalikuwa machache: mabaharia wawili, urefu usiozidi futi 20, upana usiozidi futi 10, matanga yasiyozidi futi za mraba 235. Baada ya hapo, kila fundi na akili yake. Boti iliyowaacha wenzake ilitoka Brightlingsea, mji mdogo wa pwani ya Essex. Mchoraji wake alikuwa Rodney March, akisaidiana na Terry Pearce na Reg White. Waliiita Tornado. Ilikuwa na urefu wa mita 6.1 na upana wa mita 3.05, na miili yake ilikuwa ya plaiwudi.

Miaka tisa baadaye, katika Olimpiki ya Montreal ya 1976, ambako mbio za mashua zilifanyika Kingston kwenye ziwa Ontario, Reg White na shemeji yake John Osborn walitwaa dhahabu kwa boti ya aina hiyohiyo. Kwa mtu aliyezoea kusikia kwamba mbio za boti ni mchezo wa wenye visiwa vyao, hapa pana jambo la kuvutia. Kwa kipindi kifupi, chombo cha tanga chenye kasi kuliko vyote katika Olimpiki kilikuwa ni kitu ambacho seremala mwangalifu angeweza kukiunda uani kwake. Kipindi hicho hakikudumu. Kadiri ninavyosoma habari za namna kilivyokwisha, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba wengi wanaoitafuta katamarani ya mbio ya bei nafuu wanaitafuta mahali pasipo. Wanauliza iundwe kwa malighafi gani. Wangeanza kwa kuuliza washindani wamekubaliana kuacha kufanya nini.

Lakini kwanza tuione boti yenyewe. Aliyewahi kuvuka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja kwa boti za Kilimanjaro za Azam ameshapanda katamarani, ijapokuwa ya injini: miili miwili myembamba, na nafasi ya abiria imekaa juu yake. Katamarani ya mbio haina vyumba wala paa. Ni miili miwili, mihimili miwili au mitatu inayoiunganisha, wavu wa turubai uliotandwa katikati, mlingoti na matanga. Mabaharia hukaa juu ya wavu, wakilowa.

Mashua ya kawaida ya tanga husimama kwa uzito, yaani risasi au mawe yaliyo chini, au watu walioegemea ukingoni. Katamarani husimama kwa upana. Katika Tornado, baharia wa kilo 75 anayesimama ukingoni huku akining'inia kwa waya unaotoka mlingotini yuko karibu mita nne kutoka kwenye mwili wa upande wa pili. Nguvu anayoitoa kuizuia boti isilale ni sawa na ya mzigo wa kilo 300 uliowekwa mita moja kutoka hapo. Nguvu hiyo haiuzwi dukani. Mtu anakula ubwabwa wake, anapanda, kazi inafanyika.

Jambo la pili ni wembamba. Kila chombo hutengeneza wimbi lake. Mashua nene ya futi 20 ikifika kilomita 11 kwa saa hivi huwa imejichimbia bonde baina ya wimbi la omo na wimbi la tezi, na upepo ukizidi, nguvu yake huishia kuinua maji badala ya kukisogeza chombo. Mwili ambao urefu wake ni mara kumi au zaidi ya upana wake huyapasua maji bila kuchimba bonde kubwa. Ndiyo maana Tornado, yenye urefu uleule, hupita kilomita 35 kwa saa bila injini wala tone la mafuta. Wavuvi wa pwani yetu wanaijua nusu ya siri hii: ngalawa ni gogo jembamba lililochongwa, likapewa upana wa kuazima kwa vile vibao vya pembeni ambavyo wanahistoria wengi huvihusisha na mabaharia waliokuja kutoka visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia. Hakuna mhandisi aliyelipwa.

Kwa hiyo kasi yenyewe ni bure, au karibu na bure. Ni kanuni ya maumbile, na ipo wazi kwa maskini na tajiri. Gharama huanza mtu anapotaka kasi hiyo iwe kubwa kuliko ya jirani yake.

Mwili mwembamba hauna huruma na uzito. Mashua pana ukiiongezea kilo 50 inazama kidogo tu, wala nahodha asigutuke. Katamarani ya mbio ukiiongezea kilo 50 umeiua. Kisha kila kitu ni viwili: miili miwili, sukani mbili, vibao viwili vinavyoshuka chini ya maji ili boti isisukumwe pembeni. Fundi anayepoteza kilo moja kwa uzembe wa resini anaipoteza mara mbili.

Na bado ugumu wa muundo. Mashua ya kawaida ikipigwa na upepo mkali huinama, na kwa kuinama humwaga sehemu ya upepo ule. Katamarani haiinami mpaka dakika ya mwisho, kwa hiyo nguvu yote huingia katika mihimili, katika waya za mlingoti na katika maungio. Mihimili ikijipinda, waya unaoushika mlingoti kwa mbele hulegea, tanga la mbele hufanya tumbo, na chombo hakiendi tena bisho inavyotakiwa. Kinapotea upande, na wenzake wanapita. Mwingereza James Wharram, ambaye katika miaka ya 1955 na 1956 alivuka Atlantiki kwa katamarani ya plaiwudi ya mita saba hivi pamoja na wanawake wawili wa Kijerumani, aliuza michoro yake kwa watu wa kawaida duniani kote kwa miongo mingi, na boti zake nyingi zilifunga mihimili kwa kamba, kama ngalawa inavyofungwa. Kamba hunyumbulika, hakuna sehemu moja inayobeba mshtuko wote, na ikikatika inafungwa nyingine. Kwa kusafiri ni hekima tupu. Kwa mbio haifai, na Wharram mwenyewe hakuwa akiunda boti za mbio. Unafuu wake haukuhamishika.

Turudi Brightlingsea. Njia waliyoitumia March na wenzake ni ya kuilazimisha plaiwudi ikunje umbo isilolipenda. Unachukua mbao mbili za plaiwudi nyembamba, za milimita tatu au nne, unazikata kwa kipimo, unazilaza moja juu ya nyingine na kuzishona kwa waya kwenye ukingo utakaokuwa mkuku. Unazifungua kama kitabu, unaupaka mshono utepe wa faiba na resini, unaacha ugande. Kisha unazivuta kingo za juu zikaribiane. Plaiwudi, ambayo kwa kawaida hukubali kupinda upande mmoja tu, inalazimika kupinda pande mbili kwa mpigo. Inalia. Wakati mwingine inapasuka na kazi inaanza upya. Ikikubali, inakupa mwili wa duara ulio mgumu kwa sababu ya mkazo ule ule uliokuwa karibu kuuvunja, na usiohitaji safu ya mataruma ndani yake wala kalibu nje yake.

Ubao mzuri kwa kazi hii ni wa okume, mti wa misitu ya Gabon na jirani zake. Plaiwudi ya okume ya futi nane kwa nne, yenye unene wa milimita nne, ina uzito wa kilo sita hivi, na kwa ubao ulio na nguvu kiasi kile huo ni wepesi wa ajabu. Afrika basi imekuwamo katika mbio hizi kwa muda mrefu, ila ikiwa gogo. Mwaka 2010 Gabon ilipiga marufuku kusafirisha magogo ghafi, ili kazi ya kuyachana na kuyabandika ifanyike nchini mwake. Waunda boti wa Ulaya walilalamikia bei. Mimi sikuwaonea huruma sana.

Nini basi kiliiondoa plaiwudi katika Olimpiki? Si kasi yake. Ni aina ya watu waliokuja. Boti ikishaingia katika Olimpiki, mshindani wake anakuwa mtu anayelipwa na taifa lake kushinda, na hesabu zake ni za gramu na milimita, za fedha zinafanywa na wengine. Tornado zikaanza kuundwa kwa faiba, ngozi mbili nyembamba na povu gumu katikati. Halafu akatokea Msweden aitwaye Göran Marström, baharia aliyepata shaba ya Tornado katika Olimpiki ya 1980 na ambaye kiwanda chake cha Västervik kilikuja kutawala soko. Marström alitumia kitambaa cha nyuzi kilichokwisha kulowekwa resini kiwandani, kinachotunzwa kwenye friza kisije kikaganda kabla ya wakati, kikatandwa juu ya kiini chenye vitundu vya sega, kisha mwili mzima ukaokwa katika tanuri lenye shinikizo. Baada ya muda, aliyetaka medali hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Hapa pana jambo ambalo nadhani ndilo kiini cha mkasa. Sheria ya Tornado iliweka uzito wa chini kabisa unaoruhusiwa. Boti ya Marström haikuruhusiwa kuwa nyepesi kuliko ya plaiwudi iliyoundwa vizuri. Mtu angedhani kwa hiyo hakuna sababu ya kulipia tanuri. Lakini sheria ilipima kilo, haikupima ugumu. Kwa uzito uleule, boti iliyookwa ilijipinda kidogo zaidi, uzito wake uliweza kukusanywa katikati na kuondolewa kwenye ncha, na baada ya misimu kadhaa ya kupigwa na mawimbi ilikuwa bado ngumu wakati ya bei rahisi imeshalegea. Pesa, ikizuiwa mlango mmoja, ilipita dirishani.

Haki itendeke, hata hivyo. Boti iliyookwa ilidumu. Nyingi ziliuzwa mkono kwa mkono na kushindana kwa miaka mingi, na mtu aliyenunua ya zamani alipata chombo chema kwa sehemu ndogo ya bei ya awali. Ukigawanya bei kwa miaka ya kazi, ile ya ghali huenda ikawa rahisi kuliko ile ya rahisi. Tatizo ni kwamba kijana anayeanza hagawanyi bei kwa miaka. Anaangalia alichonacho mfukoni leo.

Novemba 2007, katika mkutano wa Estoril nchini Ureno, shirikisho la mchezo huu lilipiga kura ya kuziondoa boti za miili miwili katika Olimpiki ya London ya 2012. Tornado ilishindana mara ya mwisho mwaka 2008 huko China, na dhahabu ikaenda kwa Wahispania Fernando Echavarri na Antón Paz. Yalisemwa mengi kuhusu kura ile, na gharama ilikuwa moja tu kati ya hayo, lakini ni ukweli kwamba boti iliyozaliwa kwenye karakana ya useremala ilikuwa imefika mahali ambapo haingeweza tena kujitetea kwa kusema ni ya watu wote.

Wakati hayo yakitokea, kulikuwa na katamarani nyingine iliyokuwa ikiuzwa kama njugu, na ambayo wataalamu wengi waliidharau. Hobie Alter alikuwa Mmarekani wa California, mtengenezaji wa mbao za kuteleza juu ya mawimbi, mmoja wa waliouacha ubao wa balsa na kuingia katika povu gumu lililovikwa faiba. Mwaka 1968 alitoa katamarani ndogo ya mtu mmoja, Hobie 14, na muda mfupi baadaye ikafuata Hobie 16 ya watu wawili, yenye urefu wa mita 5.04, upana wa mita 2.41 na uzito wa kilo 145 hivi. Zimeundwa zaidi ya 100,000.

Ukiitazama Hobie 16 kwa jicho la mhandisi wa mbio, utaona makosa tu. Omo zake hazina ujazo wa kutosha. Ukiibana sana upepo ukiwa nyuma, huzitumbukiza majini na boti yote hupinduka kichwakichwa, mabaharia wakirushwa mbele. Haiendi bisho kwa ukali wa Tornado. Lakini Alter hakuanza kwa kuuliza boti ipi ina kasi zaidi. Alitaka boti ambayo watu wawili wanaweza kuiburuta kutoka mchangani, kuipitisha kwenye mawimbi na kuirudisha mchangani bila kuvunja kitu. Kwa hiyo akaondoa vile vibao vya chini ya maji. Badala yake kila mwili ulipewa upande mmoja ulionyooka na mwingine uliobinuka, ili mwili wenyewe uzuie boti isiteleze pembeni. Vitu viwili vya gharama na vya kuvunjika vikatoweka hapohapo. Sukani zinajiinua zikigusa mchanga. Wavu unakaa kwenye fremu ya alumini iliyobebwa na nguzo nne fupi, na chombo chote hufunguliwa na kufungwa kwa zana chache.

Na kikubwa kuliko vyote, sheria ya Hobie inamkataza mwenye boti kuiboresha. Tanga ni lile la kiwandani, mlingoti ni ule wa kiwandani, miili ni ile iliyotoka kwenye kalibu ileile. Kalibu ni ghali kuunda, na gharama yake hugawanywa kwa idadi ya boti zitakazotoka humo. Ukiunda boti 30, kila moja inabeba mzigo mzito, ukiunda maelfu, mzigo unakuwa hauonekani. Katika mashindano ya dunia ya Hobie 16, waandaaji huleta boti mpya zinazofanana na washindani huzibadilishana. Anayetoka Fiji huja na begi la nguo. Boti ya nusu karne iliyopita, yenye kasoro zinazojulikana na kila mtu, bado inashindaniwa na mabingwa, na mzazi bado anaweza kumnunulia mwanawe iliyotumika.

Historia ya katamarani imejaa sheria, na mwanzoni zilikuwa za kuiua. Mwaka 1876 Nathanael Herreshoff wa Rhode Island, Marekani, alileta katamarani yake Amaryllis katika mashindano ya kuadhimisha miaka 100 ya uhuru wa nchi hiyo huko New York, akazipita mashua za wakubwa bila adabu. Wakubwa walilalamika, na boti za miili miwili zikafukuzwa katika mbio za kawaida. Herreshoff akaenda zake kuunda mashua za mwili mmoja zilizotetea Kombe la Amerika mara baada ya mara. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1988, katamarani ya futi 60 ya Dennis Conner iliidhalilisha mashua kubwa ya New Zealand katika kombe hilohilo huko San Diego, na ugomvi wake ulikokotwa mahakamani kwa muda mrefu kuliko mbio zenyewe.

Kombe hilo lilipozikubali katamarani kwa moyo mmoja, lilitoa somo la upande wa pili. Kwa mashindano ya 2013 huko San Francisco ilichorwa AC72: urefu wa futi 72, upana wa mita 14, na badala ya tanga la kitambaa, bawa gumu lenye kimo cha karibu mita 40. Sheria iliweka vipimo vikubwa na kuacha mengi wazi. Wahandisi wa New Zealand wakagundua namna ya kuiinua boti yote juu ya maji kwa mabawa madogo ya chini, na wengine wakalazimika kuwafuata kwa gharama yoyote. Waandaaji walikuwa wametaraji kundi kubwa la timu. Walikuja wapinzani watatu tu. Mei 9 mwaka huo, boti ya timu ya Sweden ilivunjika mazoezini na Mwingereza Andrew Simpson, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki ya 2008, akafia chini yake. Septemba, wenyeji Oracle waliokuwa nyuma 8 kwa 1 waliibuka na kushinda 9 kwa 8. Ni moja ya fainali tamu zaidi katika mchezo wowote, na kama mtazamaji sitaidharau. Ila ukihesabu ni watu wangapi duniani walioweza kuijenga boti ile, vidole vya mkono mmoja vinatosha.

Baina ya Hobie iliyofungwa kila kona na AC72 iliyoachwa huria, kuna jaribio la Ulaya la miaka ya mwanzo ya 1990 linaloitwa Formula 18. Hapa kila kiwanda kiko huru kuchora miili yake, mradi urefu usizidi mita 5.52, upana usizidi mita 2.60, na uzito usipungue kilo 180. Mlingoti lazima uwe wa alumini. Nyuzi za kaboni zilikatazwa katika miili, na hapo ndipo ilipo busara ya sheria hiyo. Kilo 180 ni nyingi kwa boti ya ukubwa ule, na uzito huo uliwekwa kwa makusudi: unafikika kwa faiba ya kawaida, bila tanuri la shinikizo. Nyuzi za kaboni ni ngumu zaidi ya mara tatu kuliko za kioo, na mwenye kuruhusiwa kuzitumia atazitumia. Basi zikaondolewa mezani. Mabaharia wepesi nao wana mahali pao: hupewa matanga madogo ya mbele na hubeba mzigo wa kufidia, ili asiye na kilo asishinde kwa sababu hiyo tu, wala mnene asikate tamaa.

Formula 18 ilifaulu, na ikajaa mamia ya boti katika mashindano yake makubwa. Lakini uhuru wa kuchora nao una ada yake. Kila baada ya miaka michache huja umbo jipya la mwili, omo ndefu zaidi au nene zaidi, na boti ya jana huporomoka bei. Nashuku kwamba hakuna sheria inayoweza kuziba kila tundu, na kwamba kazi ya kamati ya ufundi haitofautiani na ya kuchota ngama: hakuna siku utakayosema umemaliza.

Katamarani zilirudi katika Olimpiki, na ya leo ni Nacra 17, ya mwanamume na mwanamke, iliyochaguliwa baada ya majaribio ya Santander nchini Hispania mwaka 2012. Ni ya muundo mmoja kwa wote, jambo jema. Ni ya kaboni kwa sehemu kubwa, na tangu 2017 huruka juu ya mabawa ya chini ya maji, mambo ambayo mfuko wa klabu ndogo haufurahii. Katika Rio 2016 Muajentina Santiago Lange, mwenye umri wa miaka 54 na aliyekuwa ameondolewa sehemu ya pafu kwa saratani mwaka mmoja kabla, alishinda dhahabu pamoja na Cecilia Carranza. Lange alikuwa amepata shaba mbili katika Tornado. Yeye ni mchoraji wa vyombo kwa taaluma.

Je, kwetu? Mafundi wa faiba wapo, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, na boti za uvuvi na za utalii wanazozitoa zinahimili bahari. Tofauti iko katika kilo. Faiba iliyopakwa kwa brashi hubeba resini nyingi kuliko inavyohitaji, na resini ya ziada ni uzito usiofanya kazi. Dawa yake haina siri: kazi ikiwa bado mbichi inafunikwa kwa karatasi ya plastiki, kingo zinabanwa zisipitishe hewa, hewa inafyonzwa. Hata ukifyonza nusu tu, uzito wa anga unaikandamiza kazi yako kwa tani tano kwa kila mita ya mraba, na resini ya ziada inatoka. Mashine ya kufyonzea inaweza kuwa kompresa ya friji kuukuu. Waundaji wengi wa majumbani Ulaya na Marekani hutumia hiyohiyo. Epoksi ni ya kuagiza, na ina adabu zake katika joto letu. Nyingi zinazoganda bila kuchomwa huanza kulegea zikifika nyuzi 50 au 60, na boti ya rangi nyeusi iliyoanikwa ufukweni saa nane mchana hufika huko. Ipakwe nyeupe.

Gharama itakayoumiza zaidi haimo kwenye miili. Imo katika mlingoti, matanga na usafiri. Kontena la futi 20 lina nafasi ya ndani ya mita 5.9 kwa 2.35. Tornado haiingii hata ikifunguliwa. Hobie na Formula 18 zinaingia zikifunguliwa, lakini mlingoti wa mita nane au tisa haukunjwi, na unadai kontena la futi 40. Anayepanga kuunda au kuagiza boti kwa ajili ya klabu aanze na vipimo hivyo, kabla hajafungua kitabu cha michoro.

Ningeulizwa, ningeandika hivi: urefu mita 5.5, upana unaofunguka na kuingia kontena la futi 20, mlingoti wa alumini wa vipande viwili vinavyochomekana, miili ya plaiwudi au ya faiba bila kaboni, uzito wa chini uliowekwa juu kiasi cha kumruhusu fundi wa mtaani aufikie bila tanuri, na tanga jipya moja kwa mwaka kwa kila boti, lenye muhuri wa kamati. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kitakacholeta maneno mkutanoni. Mwanachama mwenye pesa zake atasimama na kuuliza kwa nini azuiwe kununua tanga la pili. Aonyeshwe orodha ya timu zilizofika San Francisco mwaka 2013.